Beta ya mwaliko, beta ya wazi, gemu bichi au seva ya majaribio: ipi inamfaa mchezaji wa Mwanza?

Mchezaji wa Kirumba au Nyegezi anayetaka kulicheza gemu la mtandaoni kabla halijatoka rasmi ana njia nne leo. Kuna beta ya mwaliko, yaani toleo la majaribio kwa walioalikwa tu, kuna beta ya wazi kwa yeyote, kuna gemu bichi linalouzwa huku bado linatengenezwa, na kuna seva ya majaribio ya gemu ambalo watu tayari wanalicheza. Zote nne zinaitwa majaribio, lakini hazikuanza pamoja wala hazitafuti kitu kimoja. Moja inataka mtu wa kuwinda kasoro, nyingine inataka umati wa kuzielemea seva, yaani kompyuta zinazoliendesha gemu mtandaoni, nyingine inataka pesa yako tu.

Nazilinganisha kwa hesabu za huku kwetu, kwa sababu wengi wanaoandika mambo haya wanaishi mahali ambapo kushusha GB 50 ni suala la kwenda kuoga na kurudi. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kadiri miaka ilivyokwenda, beta za makampuni makubwa zimegeuka matangazo, na kazi ya kweli ya kujaribu imehamia kwa kiasi kikubwa kwenye simu. Kwa Mwanza hiyo ni habari njema, maana simu tunazo.

Beta ya mwaliko

Mizizi ya hii ni majaribio ya zamani, mengine bila hata mwaliko. Februari 1996 kampuni ya id Software iliachia QTest, kipande cha gemu la Quake chenye ramani tatu, mtu kwa mtu, bila hadithi wala maadui wa kompyuta. Walitaka kujua jambo moja: je, kitu hiki kinakwenda kwenye mashine za watu na kwenye mitandao yao?

Mwaka uliofuata likaja gemu la Ultima Online la kampuni ya Origin. Wachezaji waliombwa dola chache za kugharimia CD ya beta, na maombi yakafika kama 50,000, idadi ambayo wenye gemu wenyewe hawakuitegemea. Kisa chake maarufu kilitokea Agosti 1997, wakati wa kupima uwezo wa seva. Richard Garriott, aliyeuanzisha mfululizo huo wa magemu, alikuwa ndani ya gemu kama mfalme Lord British, mhusika ambaye hakutakiwa kufa kwa namna yoyote. Seva ilikuwa imezimika na kuwashwa upya, kinga ya mfalme haikurudishwa, na mchezaji aliyejiita Rainz akasoma hati ya uchawi wa moto. Mfalme akadondoka mbele ya kadamnasi. Rainz baadaye alifungiwa, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba alikuwa na tabia ya kuzitumia kasoro kwa faida yake badala ya kuziripoti. Ndivyo beta zilivyokuwa enzi hizo: kasoro inajitokeza mchana kweupe, aliyelitengeneza gemu yupo palepale, na kinachofuata ni kurekebisha.

Counter-Strike ni mfano mzuri zaidi, ingawa hausimuliwi sana. Lilianza kama kazi ya Minh Le na Jess Cliffe waliyoijenga juu ya gemu jingine, Half-Life. Beta ya kwanza ilitoka Juni 1999 na toleo la 1.0 Novemba 2000. Katikati zilipita beta juu ya beta, bure, kila moja ikigusa kilicholalamikiwa kwenye iliyotangulia. Wengi waliolicheza kwenye intaneti kafe hawakujua kwamba gemu lile lilinyooshwa na wachezaji wenyewe, toleo baada ya toleo.

Sasa weka pembeni yake gemu la Valorant. Beta yake ya mwaliko ilifunguliwa tarehe 7 Aprili 2020, na njia kuu ya kuingia ilikuwa kuangalia watu wengine wakicheza kwenye Twitch mpaka bahati ikuangukie. Zamani mjaribu alisaini mkataba wa kutotoa siri na alikatazwa hata kupiga picha ya skrini. Hapa kutazama mchezo ukirushwa hadharani ndiyo ilikuwa tiketi. Kwa mtu wa bando hilo ni pigo. Kuangalia video hizo za moja kwa moja kwa ubora wa 480p kunakula zaidi ya nusu GB kwa saa, na seva zilizofunguliwa mwanzoni zilikuwa za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Yaani ungelipa kwanza kwa data, kisha ungelipa tena kwa kuganda.

Mwaliko wa kweli haujafa lakini. Mwaka 2024 Valve, wenye duka la magemu ya kompyuta liitwalo Steam, waliliendesha gemu la Deadlock kwa miezi kadhaa kwa utaratibu wa rafiki kumwalika rafiki, na walipokuja kulitangaza mwezi Agosti, makumi ya maelfu walikuwa wanalicheza tayari. Kama una rafiki kwenye Steam aliye ndani ya jambo la namna hii, mwombe. Haigharimu kitu zaidi ya kushusha.

Ila mwaliko ninaoupigia debe ni mdogo kuliko huo wote. Google Play wana sharti kwa akaunti binafsi za watengenezaji zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023: kabla ya kuliachia gemu kwa umma, lazima upate wajaribu wasiopungua 12, wakae kwenye jaribio siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa 20. Maana yake ni kwamba kijana anayetengeneza gemu peke yake, awe Malimbe au Manila, anatafuta watu 12 kwa udi na uvumba. Ukimjibu, wewe ni mmoja kati ya 12, si mmoja kati ya milioni. Utakachosema kitasomwa.

Beta ya wazi

Hii ilikua pale makampuni yalipogundua kwamba watu wako tayari kupanga foleni ili wajaribu. Halo 3 ilifanya beta yake Mei na Juni 2007, na njia mojawapo ya kuingia ilikuwa kununua gemu jingine kabisa, Crackdown, ambalo diski yake ndiyo ilikufungulia. Mpaka leo kuna wanaodai Crackdown lilinunuliwa kwa ajili ya beta hiyo tu. Baada ya hapo idadi zikapaa: Destiny Julai 2014, zaidi ya milioni 4.6, Overwatch Mei 2016, milioni 9.7, Battlefield 6 Agosti 2025, zaidi ya watu 520,000 kwa wakati mmoja kwenye Steam pekee.

Angalia tarehe za Overwatch. Beta ya wazi ilifungwa tarehe 10 Mei 2016, gemu likatoka tarehe 24 Mei. Wiki mbili. Ndani ya wiki mbili utarekebisha seva, utapunguza nguvu ya silaha fulani, basi. Msingi wa gemu huugusi. Kwa hiyo anayeingia beta ya wazi akidhani maoni yake yatabadilisha ramani anajidanganya. Umati ule unaitwa ili seva zielemewe mapema na ili watu waongee.

Je, ina faida kwetu? Ipo, na ni kubwa kwa anayefikiria kununua: inakuonyesha bure kama mashine yako na intaneti yako vinaliweza gemu. Beta ya Battlefield 6 iliwafundisha wengi kwamba kompyuta yao haiingii kabisa kwa sababu Secure Boot, kinga ya kompyuta wakati wa kuwaka, ilikuwa haijawashwa. Afadhali kulijua hilo kabla hujatoa hela.

Gharama zake lakini zihesabu vizuri. Gemu kubwa la kompyuta au la PlayStation linashusha makumi ya GB. Chukua GB 40 kwenye intaneti ya Mbps 10 isiyoyumba: ni karibu saa 9. Beta yenyewe mara nyingi ni ya wikiendi moja, na umeme ukikatika usiku ule, nusu ya beta imekwenda. Kucheza kwenyewe hakuli data nyingi, kwa kawaida ni makumi ya MB mpaka mia na kitu kwa saa. Kinachomaliza ni kushusha. Kama una rafiki mwenye faiba, peleka kompyuta kwake.

Muda nao una mambo yake. Kampuni za California hupenda kufungua saa nne asubuhi kwa saa zao, ambayo huku ni saa mbili usiku, au saa tatu wakati wao wakiwa kwenye majira ya baridi. Kwa mfanyakazi ni vizuri. Kwa mwenye kibanda cha gemu anayefunga saa nne, ni saa moja au mbili tu za biashara.

Halafu pingi, yaani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi. Mwanga unaobeba data ndani ya nyuzi za faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na Mwanza mpaka Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi, milisekunde 60 zimeliwa na umbali pekee. Njia halisi hainyooki: data inateremka kwanza mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, ndipo iingie kwenye nyaya za baharini. Ukiona pingi ya milisekunde 150 na kuendelea kwenye seva ya Ulaya, simu yako haina kosa. Kwa magemu ya kurushiana risasi tafuta seva ya Afrika Kusini. Kama beta haina, utakachopima ni ustahimilivu wako. Na Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, hata pingi ya kulalamikia haikuwepo.

Gemu bichi

Minecraft ndilo lililowazoesha watu kulipia kisichokamilika: liliuzwa tangu 2009, likaingia beta Desemba 2010, likatoka rasmi Novemba 2011. Steam wakaufanya utaratibu huo kuwa duka kamili Machi 2013 kwa jina la Early Access. Tangu hapo neno la kukamilika limekuwa la hiari. DayZ liliingia Desemba 2013 na kutoka Desemba 2018, miaka mitano. PUBG kwa upande wake liliingia Machi 2017 likatoka Desemba mwaka huohuo, likiwa tayari limeuza mamilioni ya nakala. Fortnite lilibaki na jina la kuingia mapema mpaka 2020, huku likikusanya fedha ambazo magemu mengi yaliyokamilika hayajaziona.

Kununua namna hii ni kama kumlipia sato akiwa bado ndani ya nyavu: anaweza kuwa wa kilo tatu, anaweza kuwa gogo. Kwa gemu la wachezaji wengi kuna hatari ya ziada. Gemu bichi la mchezaji mmoja likisusiwa, wewe bado unacho cha kucheza. La mtandaoni likikimbiwa na watu, umenunua ukumbi mtupu, na seva ikizimwa hata ukumbi huo hauna.

Kanuni ninayoitumia mimi ni nyepesi: je, gemu lilivyo leo, bila ahadi hata moja, linafaa kwa bei hiyo? Steam wanarudisha fedha kama hujapitisha siku 14 tangu kununua na hujacheza zaidi ya saa 2, hata kwa magemu ya Early Access. Hizo saa 2 zitumie kuangalia pingi na idadi ya watu saa ambazo wewe hucheza, si kuchonga sura ya mhusika wako. Na kabla ya kulipa, tazama kama gemu hilo lina Steam Playtest, ambayo ni kuomba kujaribu bure bila kutafuta msimbo wowote.

Seva ya majaribio

Hapa ndipo ningependa vijana wetu wawe wengi. Ni njia ya watu wanaolijua gemu tayari: matoleo mapya yanawekwa kwanza kwenye seva ya pembeni, wachache wanayachezea, kasoro zinarekebishwa, ndipo wote wanapata. League of Legends wana seva ya majaribio iitwayo PBE, ila iko Marekani, kwa hiyo kutoka kando ya Ziwa Victoria utaona wahusika wapya vizuri lakini hutapigana vizuri. Free Fire wana Advance Server: unajisajili kwa akaunti yako, ukichaguliwa unapewa msimbo, unashusha faili la APK, yaani la kusakinisha gemu, kwenye Android, unacheza siku chache kabla ya toleo kubwa, na anayeripoti kasoro halisi anaweza kuzawadiwa almasi, pesa za ndani ya gemu. Nafasi ni chache, na unachokusanya mle hakihamii kwenye akaunti yako ya kawaida.

Kwa nini nasema inatufaa? Kwa sababu simu zetu na maisha yetu vina mambo ambayo hayatokei kwenye meza ya mtengenezaji. Chukua hili la laini mbili. Simu nyingi tunazotumia zina laini mbili lakini redio moja ya kuzihudumia. Simu ikipigwa laini ya pili ukaipokea, data ya laini ya kwanza inasimama mpaka ukate. Mtengenezaji mwenye laini moja na Wi-Fi ya ofisini hawezi kulikuta hilo. Mchezaji wa Igoma analikuta kila siku: mama anapiga, anapokea, anasema "shikamoo mama, nakupigia," anakata, anarudi anakuta ametolewa kwenye mechi na kuhesabiwa mtoro.

Mwenye hasira ataandika: "Gemu linaganda sana, rekebisheni." Ripoti hiyo haina kazi. Inayofanya kazi iko hivi: "Simu yenye RAM GB 3, Android 11, laini mbili. Data iko laini ya 1. Nikiwa ndani ya mechi, napokea simu laini ya 2 kwa sekunde 10. Nikikata, data inarudi lakini gemu halijaribu kuunganisha tena. Linanirudisha ukumbini na kunipa adhabu ya utoro. Nimerudia, hutokea kila mara. Kwenye Wi-Fi halitokei." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo dhahabu yenyewe, kwa sababu inamwambia fundi asianzie wapi.

Yapo mengine ya namna hiyo. Dirisha la kutuma pesa linalojitokeza juu ya gemu na kulilaza. Mtandao unaoshuka kutoka 4G mpaka 3G ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga katikati ya maji. Simu iliyobakiza nafasi ndogo kiasi kwamba toleo jipya linashuka nusu na kukwama bila kusema sababu. Ukiyaandika vizuri, wewe ni mjaribu mwenye thamani kuliko mwenye kompyuta ya milioni tano aliyeingia beta ya wazi kupiga picha.

Pembeni ya njia hii kuna binamu yake, uzinduzi wa kimyakimya: gemu la simu linaachiwa kwanza nchi chache, mara nyingi Kanada, Australia, New Zealand au Ufilipino. Brawl Stars lilianza hivyo Kanada Juni 2017 na likafika duniani kote Desemba 2018, likiwa limebadilika mpaka namna ya kuishika simu, kutoka wima kwenda ulalo. Sisi kwa kawaida hatumo kwenye orodha hizo. Wanaolazimisha kwa VPN, programu ya kuficha uko nchi gani, wakumbuke kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, walitoa taarifa Oktoba 2023 ya kuwataka watumiaji wa VPN wajisajili, na kwamba pingi ya mtu anayejifanya yuko Kanada ni ya kusikitisha.

Uchague ipi

Kama una simu tu na bando la wiki, nenda seva ya majaribio ya gemu unalolicheza tayari, na ongeza jaribio dogo moja la Google Play. Kwenye ukurasa wa programu nyingi, shuka chini utaona sehemu ya kujiunga na beta. Mara nyingi utaambiwa nafasi zimejaa, rudi wiki ijayo. Maoni unayotoa ukiwa mjaribu yanakwenda kwa mtengenezaji faragha, hayaonekani kwa umma, kwa hiyo sema ukweli wote. Wenye iPhone wana TestFlight, inayopokea mpaka wajaribu 10,000 kwa programu, na kila toleo la majaribio hufa baada ya siku 90.

Kama una kompyuta nzuri na unawaza kununua gemu kubwa mwezi ujao, beta ya wazi ndiyo yako, ila uiendee kama mnunuzi: pima pingi, pima joto la mashine, ondoka. Wenye vibanda vya gemu nao waitumie kwa maana hiyo. Wateja wawili wakibishana juu ya gemu jipya, beta itakuonyesha kama watalilipia kabla hujalinunua. Gemu bichi liache mpaka marafiki watatu wanne mlipie pamoja, kwa sababu hapo hata umati ukikimbia nyinyi mna timu.

Kuna tahadhari moja isiyobagua njia. Misimbo ya beta na mafaili ya APK "ya Advance Server" yanazagaa kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram, na mengi ni mtego wa kuiba akaunti. Faili lishushe kwenye tovuti ya gemu lenyewe. Hakuna jaribio halali litakalokuomba nywila, namba ya siri ya pesa za simu au tarakimu zilizotumwa kwa meseji. Na akaunti yenye skini (mavazi ya wahusika) ulizonunua kwa miaka isiingie kwenye toleo lolote ambalo huna uhakika nalo. Fungua nyingine ya majaribio, na kama kuna simu ya zamani imelala kwenye droo, iweke hiyo akaunti humo. RAM ndogo na betri iliyochoka ndivyo vitakavyokuonyesha kasoro za kuripoti.